Dada amefariki, ameacha watoto watatu: wabaki kwa bibi au waende kituoni?

Swali: Dada yangu alifariki miezi mitatu iliyopita. Ameacha msichana wa miaka 11, mvulana wa miaka 7 na mdogo wa mwaka mmoja na miezi miwili. Baba yao aliondoka kwenda machimboni Geita wakati mdogo yuko tumboni, na simu yake haipatikani. Watoto wako kwa mama yangu kijijini, Muheza. Mama ana miaka 68. Mimi ninauza chakula Tanga mjini, nina wangu wawili, na napanga chumba na sebule. Kuna kituo cha kulelea watoto kimesema kitawachukua wale wawili wakubwa, wasome na kula bure. Baba yao mkubwa naye anataka msichana aende kwake Dar es Salaam, amsaidie mkewe kazi za nyumbani, naye atamsomesha. Ukoo umegawanyika. Tufanye lipi? Na tukiamua kubaki nao, tufuate taratibu gani?

Jibu: Pole sana dada kwa msiba, na pole kwa kubebeshwa uamuzi huu kabla machozi hayajakauka.

Ushauri wangu ni huu. Watoto wabaki kwa bibi yao, wote watatu pamoja, na wewe uandikwe kuwa mlezi wa pili. Msichana asiende Dar es Salaam kwa masharti hayo. Kituo kisichukue mtoto yeyote; kikiwa na nia ya kusaidia, kisaidie wakiwa hapo hapo nyumbani. Lakini malezi ya ndugu hayasimami kwa mapenzi peke yake. Nyumba nyingi za bibi huvunjika mwaka wa pili kwa sababu siku ya arobaini kila mtu alisema "tutasaidiana", na hakuna aliyeandika nani atanunua sare Januari. Bibi huchoka kimyakimya, deni la dukani hupanda, na hatimaye watoto hutawanywa kwa haraka, huyu huku na yule kule. Kwa hiyo sehemu kubwa ya jibu hili ni kuhusu mpango.

Tuanze na kituo, maana neno "bure" ndilo linalowavuta ndugu. Shule za msingi na sekondari za serikali hazina ada hadi kidato cha nne tangu Januari 2016, na kidato cha tano na sita viliongezwa mwaka 2022. Ukiondoa ada, kituo kinachowapa watoto wenu ni chakula, sare, madaftari na kitanda. Hivyo vyote vinaweza kufikishwa kwa bibi. Kituo hakiwezi kuwapa mtu mmoja anayejua kwamba huyu halali bila taa na yule akinyamaza ana homa. Walezi wa vituoni hufanya kazi kwa zamu na huacha kazi; mtoto aliyekwisha kumpoteza mama anazoea sura moja, halafu nayo inaondoka.

Hili limepimwa. Huko Bucharest, Romania, kuanzia mwaka 2000, watafiti waliwafuatilia watoto wadogo 136 waliokuwa wakiishi kwenye taasisi. Nusu yao walipelekwa kwa familia za malezi kwa bahati nasibu, waliobaki wakaendelea na matunzo ya kawaida. Walioingia kwenye familia waliwazidi wenzao kwa akili, lugha na uwezo wa kujenga ukaribu na mlezi, hasa waliotolewa kabla hawajafikisha miaka miwili hivi. Ndiyo maana Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala inasisitiza kwamba mtoto wa chini ya miaka mitatu alelewe katika familia, na kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwa ndugu zake. Na kwa utaratibu wa Tanzania, makao ya kulelea watoto lazima yawe na leseni, na mtoto hapaswi kuingia humo bila Afisa Ustawi wa Jamii kujua na kuandika. Kituo kinachokuja kuongea na bibi moja kwa moja, kikachagua wakubwa wawili na kumwacha mchanga, kiulizwe maswali mawili: leseni iko wapi, na je, Ustawi wa Jamii wa halmashauri wana taarifa?

Sasa hili la baba mkubwa. Inawezekana nia yake ni njema. Lakini sikiliza maneno yenyewe: "amsaidie mkewe kazi", kisha "atamsomesha". Kilichotangulia ni kazi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka umri wa chini wa kuajiriwa kuwa miaka 14, tena kwa kazi nyepesi tu zisizomzuia kusoma. Mtoto wa miaka 11 anayeamka saa kumi na moja alfajiri kuosha vyombo kwenye nyumba ya ndugu haitwi mfanyakazi, kwa hiyo halipwi wala hatazamwi na mtu. Zaidi ya hapo, huyo msichana ndiye mama wa pili wa wadogo zake kwa sasa. Mkimwondoa, yule wa miaka 7 amefiwa mara mbili ndani ya mwaka mmoja.

Kama mahari ilitolewa, upande wa baba huenda wakadai kwamba watoto ni wa ukoo wao. Wasikilizwe kwa heshima, lakini msiyumbishwe. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Mtoto kinataka manufaa ya mtoto yatangulie katika kila uamuzi unaomhusu, na kifungu cha 11 kinampa mtoto haki ya kutoa maoni yake. Mpeni baba mkubwa kazi inayomfaa: awe mlipaji wa kitu mahususi. Mara nyingi ndugu anayedai mtoto anadai nafasi kwenye ukoo, na akipewa nafasi yenye jina hutulia.

Kikao cha ukoo na karatasi yake

Itisheni kikao ndani ya wiki mbili hizi. Wawepo watu wa pande zote mbili, hata kama wa upande wa baba ni mmoja, pamoja na mwenyekiti wa kitongoji kama shahidi. Kabla ya kikao, mtu mmoja ambaye watoto wanamwamini akae na yule wa 11 peke yake, halafu yule wa 7 peke yake, awaulize wanataka kuishi wapi na wanaogopa nini. Msiwaulize mbele ya wazee ishirini kwenye mkeka. Watasema kile wanachoona kinatakiwa. Wala msiwaulize "mnampenda nani zaidi".

Muhtasari uandikwe hapo hapo, usiachwe kesho. Uwe na majina kamili ya watoto na tarehe zao za kuzaliwa. Mlezi mkuu (bibi) na mlezi wa pili (wewe). Nani atafanya nini kila mwezi na tarehe ngapi. Mali aliyoacha marehemu. Nani anapendekezwa kusimamia mirathi. Na nini kitatokea bibi akiugua au akifariki. Hilo la mwisho watu hulikwepa wakihofia kuonekana wanamwombea mabaya. Mwambieni bibi mwenyewe aliseme. Wazee wengi hufarijika kulisema. Kila aliyehudhuria asaini, mwenyekiti agonge muhuri, na nakala ziwe angalau nne: ya bibi, yako, ya upande wa baba na ya ofisi ya kijiji.

Ukiwa na muhtasari huo, nenda kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji akupe barua ya utambulisho, kisha kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa kata. Kama kata haina, nenda halmashauri ya wilaya. Mwambie hivi: "Tunalea watoto watatu wa marehemu, tunaomba watambuliwe, nyumba ikaguliwe na jalada lifunguliwe." Atakuja nyumbani. Ataangalia watoto wanalala wapi na nani, choo na maji, afya ya bibi, chakula kilichopo, na kama watoto wanahudhuria shule. Msifiche upungufu. Nyumba haikataliwi kwa kuwa na kitanda kimoja. Na msaada ukipatikana, hupita kwenye jalada hilo; familia isiyo na jalada haionekani.

Je, ni lazima kwenda mahakamani kwa ajili ya malezi? Kama ukoo umekubaliana, si lazima kwa sasa. Lakini sheria inamruhusu ndugu anayemtunza mtoto kuomba Mahakama ya Watoto imkabidhi rasmi malezi, na hapo Afisa Ustawi huandaa taarifa ya kijamii kwa ajili ya hakimu. Fanyeni hivyo mara moja kama mtu atatishia kumchukua msichana kwa nguvu, au kama kuna mafao ambayo mlipaji anadai amri ya mahakama. Kuasili ni jambo jingine kabisa: hupitia Mahakama Kuu na hubadilisha uzazi wa mtoto kisheria. Bibi hahitaji kumwasili mjukuu wake.

Neno moja linalochanganya: ofisini mtasikia "malezi ya kambo". Mtaani baba wa kambo ni mume wa mama. Kwenye sheria, malezi ya kambo ni mtoto kuwekwa na Ustawi wa Jamii kwa familia iliyochunguzwa na kukubaliwa, ambayo kwa kawaida si ndugu yake. Kuna pia "walezi wa kuaminika", familia zilizofunzwa kupokea mtoto wa dharura kwa muda mfupi. Ninyi ni ndugu mnaolea watoto wenu. Msijaze fomu ya jambo lisilowahusu kwa sababu neno limefanana.

Vyeti na mali

Cheti cha kifo cha dada kitafutwe kwanza, kwa sababu mambo mengine yote yanakisubiri. Chukueni kibali cha mazishi na karatasi ya hospitali, au barua ya mtendaji kama alifia nyumbani, mpeleke kwenye usajili wa RITA (wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo), ambao kwa wilayani huwa ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto vifuatie. Mdogo ana tangazo la kizazi au kadi ya kliniki. Na kwa walio chini ya miaka mitano kuna mpango wa serikali, ulioanzia Mbeya mwaka 2013 na kusambaa mikoa mingi, unaotoa cheti bila malipo kwenye vituo vya afya na ofisi za kata. Hakikisheni jina la mama limeandikwa sawasawa kwenye vyeti vyote. "Mwanaidi" kwenye kimoja na "Mwanahidi" kwenye kingine litawarudisha njia nzima siku ya mafao.

Kuhusu mirathi, hata kama alichoacha ni kidogo. Andikeni kila kitu: nyumba au kiwanja, shamba, cherehani, mifugo, akiba ya benki, daftari la VICOBA (vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana), fedha kwenye simu, madeni aliyodai na aliyodaiwa. VICOBA vingi vina mfuko wa jamii unaotoa kitu mwanachama akifariki. Mwulizeni mwenyekiti wa kikundi kabla mzunguko haujavunjwa. Kama aliwahi kuajiriwa, ulizeni mfuko wa hifadhi ya jamii, yaani NSSF, au PSSSF kama alikuwa serikalini, kuhusu mafao ya warithi. Fedha zilizo kwenye laini yake msizitoe kwa namba ya siri mliyokuwa mnaijua, hata kama ni za matanga. Subirini msimamizi wa mirathi aende na hati yake.

Kama marehemu aliishi kwa mila au kwa Uislamu, maombi hupelekwa Mahakama ya Mwanzo pamoja na muhtasari wa ukoo, cheti cha kifo na mtu anayependekezwa. Akishateuliwa, msimamizi ana miezi minne ya kuwasilisha mahakamani orodha kamili ya mali na madeni, halafu hesabu kadiri mahakama itakavyopanga. Hapa ndipo yatima wengi huibiwa, na mwizi huwa ndugu. Msimamizi humwona hakimu siku ya kuteuliwa, halafu haonekani tena mahakamani. Mwaka unapita, nyumba imeuzwa. Dawa yake ni kalenda. Andika tarehe ya uteuzi, hesabu miezi minne, na siku hiyo nenda masjala ya mahakama uulize kama orodha imeingia. Kama haijaingia, mnufaika au mlezi wake anaweza kulalamika kwa hakimu, na msimamizi anaweza kuondolewa. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Mtoto kinakataza kumnyima mtoto matumizi ya mali ya mzazi wake.

Kwenu Muheza nauliza hasa habari ya michungwa. Kama dada alikuwa na shamba, wanunuzi huja kununua machungwa yakiwa bado mtini, na fedha hulipwa kwa mkupuo kwa yeyote aliyesimama shambani asubuhi hiyo. Amueni kwenye kikao ni nani ana ruhusa ya kuuza, auze mbele ya shahidi gani, na fedha ziingie wapi. Mavuno ya shamba la marehemu ni ya watoto wake. Yanaweza kulipia sare na unga wao. Hayawezi kuezeka nyumba ya mjomba.

Chakula na fedha za kila mwezi

Badala ya kuuliza "itagharimu kiasi gani", hesabuni vitu. Kwa bibi, watoto wawili wakubwa na mdogo mmoja, makadirio ya mwezi ni kilo 35 za nafaka (unga na mchele pamoja), kilo 6 hadi 7 za maharage, kunde au choroko, na lita 2 na nusu za mafuta ya kula. Juu ya hapo weka dagaa au mayai, mboga, chumvi, sabuni, mafuta ya taa au chaji ya taa ya sola, na maziwa ya mdogo. Gawaneni vitu hivyo kwa majina: mtu wa kwanza nafaka, wa pili maharage na mafuta, wa tatu sabuni na maziwa. Sare, viatu na madaftari vihesabiwe kwa mwaka na vigawanywe kwa miezi 12, ili Januari isije kama mwizi. Anayetoa ahadi ya kitu kimoja hukumbuka. Anayeahidi "nitatuma chochote" hutuma mara mbili, kisha anazima simu.

Nunueni daftari moja la kurasa 96. Kushoto kilichoingia na aliyetoa, kulia kilichotumika. Likae kwa bibi na msichana amsaidie kuandika. Kila mchangiaji akija alione. Daftari hilo huzima maneno ya "bibi anakula hela za watoto" kabla hayajazaliwa, nayo ndiyo maneno yanayokausha michango kuliko umaskini wenyewe.

Mwulizeni mtendaji kuhusu TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini. Kaya huingizwa wakati wa utambuzi, kwa mkutano wa kijiji, haziingii kwa kuomba siku yoyote. Kwa hiyo jambo la maana ni kaya ya bibi ijulikane sasa kwamba imeongezeka watoto watatu. Kwa matibabu, sera ya afya inawasamehe gharama watoto chini ya miaka mitano kwenye vituo vya serikali na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Bibi awe na kitambulisho cha msamaha mkononi kabla hajaugua.

Mdogo wa miezi 14

Huyu ndiye anayenitia wasiwasi kuliko wote, na barua yako haikumsema sana. Aliachishwa ziwa ghafla akiwa na miezi 11. Mtoto wa umri huu asiyenyonya anahitaji kula mara 4 hadi 5 kwa siku, kila mara robo tatu ya kikombe cha mililita 250 hadi kikombe kizima. Kama anapata mayai, dagaa au nyama mara kwa mara, maziwa mililita 200 hadi 400 kwa siku yanatosha. Kama hapati, yawe 300 hadi 500. Maziwa ya ng'ombe au mbuzi yanafaa kwa umri wake yakichemshwa.

Kosa la kawaida ni uji mwepesi. Bibi anaukoroga uwe laini ili umeze vizuri, tumbo linajaa maji, mtoto analala akiwa na njaa. Chota kijiko kimoja, kiinamishe: uji ukidondoka kama maji, bado, ukishikilia kijiko na kuanguka taratibu kwa kipande, umefika. Ongeza kijiko kidogo cha mafuta, karanga zilizosagwa au dagaa waliosagwa unga. Karanga zenye ukungu au zilizosinyaa zichambuliwe na kutupwa, kwa sababu zinaweza kuwa na sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu.

Apelekwe kliniki wiki hii na kadi yake. Apimwe uzito, urefu, na mzunguko wa mkono wa juu kwa utepe: chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali na anatakiwa kuanza matibabu siku hiyo hiyo; kati ya 11.5 na 12.5 ni hatari inayohitaji lishe na kufuatiliwa. Miguu yote miwili ikivimba na kubonyea, msisubiri utepe. Chanjo ya surua na rubela hutolewa miezi 9 na tena miezi 18. Angalieni ya kwanza imeandikwa. Matone ya vitamini A na dawa ya minyoo ni kila miezi sita. Na kama hamjui majibu ya mwisho ya kipimo cha VVU cha mama yake, mwambieni muuguzi waziwazi ampime mtoto. Akiwa nao na akaanza dawa mapema, atakua na kusoma kama wenzake. Kinachoua ni aibu ya watu wazima.

Mdogo huyu awe na mikono miwili mikuu, ya bibi au ya mtu mmoja mliyemchagua: huyo huyo amwogeshe, amlishe, amlaze. Msimzungushe kwa ndugu wiki moja moja kwa nia ya kumpumzisha bibi. Mpumzisheni bibi kwa kumchotea maji na kumfulia.

Huzuni ya wakubwa

Mwambieni yule wa miaka 7 kwamba mama amekufa, kwa neno hilo hilo. "Amesafiri" humfanya amsubiri kila basi linaposimama barabarani. "Amelala" humfanya aogope kulala. Akikojoa kitandani, akificha mikate chini ya godoro au akirudi kuongea kitoto, hajaharibika. Msimcheke wala kumchapa. Wekeni karatasi ya nailoni chini ya shuka, mwamsheni mara moja usiku, na chakula kiwe saa zile zile kila siku ili aache kuogopa kwamba kesho hakipo. Hali hiyo ikiendelea miezi kadhaa bila kupungua, au akiacha kucheza kabisa, Afisa Ustawi au kituo cha afya kihusishwe.

Msichana ataonekana amekuwa mtu mzima ghafla, na watu watamsifu. Sifa hizo zina hatari. Pimeni saa zake: akichota maji, akapika, akambeba mdogo na akakosa nusu saa ya kucheza na nusu saa ya daftari lake, amegeuzwa mama. Anza pia kuongea naye mapema kuhusu hedhi. Ana miaka 11 na aliyepaswa kumwambia hayupo. Mama mdogo ndiye mtu wa kazi hiyo.

Kuna kitu kidogo ninachokuomba ukifanye mwenyewe. Nguo za marehemu mkizigawa, kila mtoto abakizwe kanga moja ya mama yake, na mojawapo isifuliwe kwanza. Iwekwe kwenye mfuko uliofungwa pamoja na picha yake, jina lake kamili na siku aliyozaliwa kila mtoto. Mdogo hatakumbuka chochote. Atakachojua kuhusu mama yake ni hicho kilichohifadhiwa.

Nani atatazama

Wewe uko Tanga, Muheza si mbali. Panga kwenda baada ya wiki mbili, kisha kila mwezi kwa miezi sita ya kwanza, mara nyingine bila kutoa taarifa. Tazama kadi ya kliniki, uliza mwalimu mahudhurio, kula nao mlo mmoja. Angalia nani analala chumba gani. Kijana wa kiume au mpangaji asilale na watoto. Kaa na kila mtoto peke yake, hata dakika kumi mkienda dukani. Ukiona woga wa mtu fulani, michubuko isiyoeleweka au msichana anakataa kubaki nyumbani, usiitishe kikao cha ukoo kwanza. Piga 116, huduma ya simu kwa mtoto, ni bure. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Kama ni ukatili wa kingono, hospitali iwe ya kwanza, ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia VVU zina kikomo hicho.

Haya niliyosema ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina Sheria ya Mtoto Na. 6 ya mwaka 2011. Kenya ina Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, inayotambua malezi ya ndugu na kafala (kumlea mtoto kwa utaratibu wa Kiislamu). Huko mlango wa kwanza ni afisa wa watoto wa kaunti ndogo.

Limebaki la baba yao. Kisheria yupo, na wajibu wake haujafa kwa kuzima simu. Mwambieni Afisa Ustawi jina lake kamili na machimbo aliyotajwa mara ya mwisho, ili awasiliane na mwenzake wa Geita. Hilo pia litawekwa kwenye jalada. Akirudi, asikabidhiwe watoto mlangoni, wala asifukuzwe. Aanze kwa kuja mchana, bibi akiwepo, mara moja kwa wiki kwa wiki nne au sita. Mdogo hajawahi kumwona, kwa hiyo asilazimishwe kukaa mapajani mwake. Aanze kuchangia kwenye daftari, kwa jina lake, kama wengine. Akitaka kuwachukua moja kwa moja, Afisa Ustawi aende kwanza kuona anapoishi na atamwachia nani watoto anapoingia shimoni.